Eddy Gordo si wa kubonyeza ovyo, jamani

Jumamosi nimelisikia tena. Kijana kapigwa mara tatu mfululizo na mdogo wake wa miaka tisa, kaweka pedi chini, akatangaza banda zima lisikie: "Eddy ni wa wasiojua. Unabonyeza tu." Nimeendesha banda la gemu na kufundisha watu Tekken, gemu ya mapigano ambamo Eddy ni mmoja wa wapiganaji, miaka kumi na tatu sasa. Maneno hayo nimeyasikia hadi usingizini.

Historia naipitia mbio. Eddy aliingia na Tekken 3 mwaka 1997, Mbrazili mwenye rasta anayepigana kwa capoeira, sanaa ya mapigano ya Brazil. Miondoko yake ilirekodiwa kutoka mwilini mwa mwalimu wa capoeira, Marcelo Pereira. Ndiyo maana hata kwenye picha chakavu za PlayStation ya kwanza kiuno chake kinazunguka kama cha mtu aliyezaliwa nacho. Capoeira yenyewe iliasisiwa na Waafrika waliotumikishwa utumwani Brazil, na mwaka 1890 sheria ikaipiga marufuku. Mchezo uliopeleka watu jela, nyie mnauita kubonyeza.

Sasa kero yenyewe. Ukigonga X na duara, vitufe vya mateke, bila mpango, Eddy kweli anatoa mateke yanayoungana vizuri. Hilo sikatai. Ila mtazameni huyo mgongaji. La kati, la chini, la kati, kalala, kaamka na teke jingine. Hachagui! Kidole chake kina mdundo mmoja, na mdundo unahesabika. Gemu inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Ngumi nyepesi inayofika kwa fremu 10 hakuna jicho litakaloiwahi, lakini teke la chini la fremu ishirini na ushee unaliwahi, mradi ulikuwa unalingoja. Wewe hulingoji. Umepigwa moja, umepaniki, nawe unagonga ili ujinasue, na kila kitufe unachogusa kinakuondolea ulinzi. Kwa hiyo bandani kuna wabonyezaji wawili, sema mmoja wao amechagua Eddy.

Nilimkalisha yule kijana kwenye mazoezi, nikarekodi mateke manne, nikamwambia ashike nyuma tu azuie, achuchumae kwa la chini, asiguse kingine. La kwanza akazuia. La pili, la chini, likamkata kifundo. Tukarudia. Likamkata. Mara ya sita akachuchumaa kwa wakati, Eddy akabaki anayumba mbele yake, yuko wazi kabisa, na kijana akamkodolea macho.

"Mpige basi!"

"Na nini?"

Nilikaa kimya kidogo, maana ningesema kitu cha kujutia.

Eddy wa mtu anayejua ni jambo jingine. Anaanzisha mateke, wewe unachuchumaa kulisubiri la chini, naye anakatisha. Anasimama kwa mikono, miguu hewani, anakutazama. Ukibaki chini anakushushia la kati, ukiinuka anakufagia, ukikurupuka kumpiga, umemlisha mwenyewe. Siku moja jaribu kutazama vidole vyake badala ya skrini. Vimetulia kuliko vya mtu yeyote humu bandani.

Na kuna mambo sipendi kuyasema mbele ya wanafunzi. Baadhi ya mapigo yake, jedwali la fremu linasema yanaadhibika, yaani ukiyazuia unaweza kumpiga kabla hajajikusanya, lakini ukirusha ngumi yako unakuta ameshalala chini na imepita juu ya kichwa chake. Mimi huwaambia wapige la kati, kisha namwomba Mungu. Nashuku pia waliomtengeneza walitaka mambo mawili kwa pamoja: mgeni ajione fundi siku ya kwanza, na fundi apate kazi ya miaka. Kama ni hivyo, wanaolalamika wana robo ya haki. Robo tu. Tekken 8 ilipotoka Januari 2024 bila Eddy, hao hao ndio walionisumbua wakiniuliza yuko wapi, mpaka Aprili alipoletwa kama nyongeza ya kununua.

Tulipofunga mazoezi nikampa kijana Eddy, mimi nikachukua Law, mpiganaji mwingine. "Haya, bonyeza tu, nione." Raundi mbili nikamfunga bila jasho, nazuia, nachuchumaa, narudisha. Ya tatu na ya nne kanipiga. Ya tano, ya mwisho, pia kanipiga, na dole gumba lake halikutoka kwenye X hata mara moja.

Mdogo wake bado anacheka.