Kimya si Sifuri

Juzi tena, kwenye kikao hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kiongozi mmoja alinigeukia: "Enjenia, wewe tuunganishie tu vyanzo vyote vya data kwenye skrini moja. Tukishaviona pamoja, kipindupindu hakitatushtukiza tena." Waliokuwapo wakatikisa vichwa kukubali. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na safari hii nimeona niyajibu kwa maandishi.

Kuunganisha ndiyo sehemu rahisi. Unachukua DHIS2 (mfumo wa takwimu za afya) ya zoni za afya, jumbe za SMS za vituo vya afya, vipimo vya klorini na vya mvua, unavipitisha Kafka (programu ya kusafirisha data), kisha unaweka injini ya kanuni, yaani programu inayosoma matukio yanavyoingia na kuyapima kwa masharti uliyoyaweka, iwe Flink au Esper. Unaiambia: ukiona wagonjwa watatu wa kuhara maji katika kartie moja, yaani mtaa, ndani ya saa 48, na klorini ya bomba la hapo imeshuka, piga kengele. Majina yatakusumbua kidogo. Karisimbi ni komini, ni zoni ya afya, na ni mlima. Nyiragongo ni volkano na ni teritwari. Virunga ni kartie, ni soko, ni mbuga. Kyeshero mmoja anaandika hivyo, mwingine Keshero. Tengeneza jedwali la majina, lipe kila mahali namba yake, endelea.

Tatizo liko kwenye yale maneno "ndani ya saa 48". Saa 48 kwa saa ipi?

Kila tukio lina saa zisizopungua tatu: mgonjwa alipoanza kuhara, muuguzi alipoandika, na ripoti ilipofika kwenye seva. Kati ya ya kwanza na ya tatu zinaweza kupita siku tatu, kwa sababu umeme ulikatika, mtandao ulianguka, au simu ya kituo iliishiwa mega. Skrini nyingi nilizoonyeshwa zinachora kwa saa ya tatu, na wakubwa wanazisoma kana kwamba ni ya kwanza. Ripoti tisa za Jumatatu zikikwama njiani na kufika zote Alhamisi, skrini inawaka nyekundu Alhamisi. Timu inakimbilia kartie ile na klorini, inakuta wagonjwa wanapona. Maji mabaya yalinywewa Jumatatu au kabla yake. Halafu lawama inaiangukia programu.

Ongeza na majira ya saa. Sisi wa Goma tuko saa moja mbele ya Kinshasa. Seva ikiwekwa majira ya Kinshasa, na mashine za kupima mitetemo zikiandika saa ya dunia, yaani UTC, basi tetemeko la saa 14:10 hapa kwetu ni 13:10 kwa seva na 12:10 kwa mashine. Tukio moja linakuwa matatu, na kanuni inayouliza "kipi kilitangulia?" inapata jibu la uongo bila kosa lolote kuonekana. Na daftari je? Muuguzi anaandika "saa 2" kama tunavyosema nyumbani, saa mbili asubuhi. Kijana wa kuingiza data anaandika 02:00. Mgonjwa amehamishwa saa sita nyuma, na hakuna atakayegundua, kwa kuwa 02:00 ni saa halali. Siku hizi naomba fomu iwe na sehemu ya kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku kabla ya saa yenyewe. Ni kitu kidogo, lakini kimeniokolea data nyingi kuliko programu yoyote niliyowahi kufunga.

Injini kama Flink zina dawa ya ucheleweshaji, inaitwa watamaki (watermark). Ni kauli ya mfumo: naamini sitapokea tena tukio lililotokea kabla ya saa fulani, kwa hiyo nafunga dirisha, yaani kipindi kile cha saa, na kuhesabu. Tazama neno "naamini". Mfumo haujui. Mtu ndiye aliyeuambia usubiri muda gani. Ukisubiri siku mbili unapata hesabu nzuri, lakini kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kumwua mtu mzima ndani ya saa chache. Ukisubiri saa moja unapiga kengele kwa nusu ya habari, na kengele za bure zikizidi watu wanaacha kuzisikiliza. Mimi nimeweka saa sita. Kwa nini sita? Hakuna kitabu kilichoniambia. Nilitazama ripoti za vituo vyetu zinavyochelewa, nikaongea na wauguzi, nikachagua. Huenda nimekosea kwa vituo vya barabara ya Sake, ambako mtandao ni tofauti kabisa na wa Himbi, kartie ya hapa mjini, na mpaka sasa sijaridhika.

Linaloniudhi kuliko yote ni kimya. Kituo kisipotuma ripoti, ramani inakipaka kijani, kwa sababu wagonjwa ni sifuri. Sifuri ya nani? Nilimpigia mama mmoja muuguzi, akaniambia, "Mwanangu, mimi sifuri huwa naiandika kila wiki, inaenda wapi?" Alikuwa akisema kweli. Katika DHIS2, usipoweka mpangilio wa kuhifadhi sifuri, sifuri haihifadhiwi. Aliyefanya kazi yake akaandika 0, na ambaye kituo chake kimefungwa kwa sababu watu wote wamekimbia, wote wawili wanaacha nafasi tupu ileile. Mahali penye hatari kubwa ndipo panapoonekana salama. Nikifika kwenye mfumo mpya, hilo ndilo swali langu la kwanza, na nimeona watu waliouendesha miaka wakitazamana.

Kwa hiyo sasa kimya chenyewe nakifanya tukio. Kituo kilichozoea kutuma kila siku kikinyamaza saa 24, injini inatoa taarifa kamili kama ya mgonjwa, na kwenye ramani kinapakwa kijivu.

Kuna wanaoniambia kwamba data ikitosha, chochote kitaonekana mapema. Sisi ndio watu wa mwisho wa kuamini hivyo. Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na wanasayansi waliochunguza baadaye vipimo vya mitetemo na vya ardhi walisema havikuonyesha dalili za wazi kabla: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa tayari karibu sana na uso wa ardhi. Siku zilizofuata mambo yakageuka. Matetemeko yalifuatana, ardhi ikapasuka mitaani, vipimo vikaonyesha magma chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei tukaamriwa kuondoka katika sehemu kubwa ya mji. Watu walienda Sake, Rwanda, Bukavu, wengine kwa miguu na watoto mgongoni. Mlipuko wa pili haukuja. Mara ya kwanza mlima uliwaka bila dalili za wazi, mara ya pili dalili zilijaa na mlima ukatulia. Je, amri ile ilikuwa kosa? Mimi nasema hapana. Kwa vipimo vile ningeitoa hata mimi. Ila sijui kanuni gani ningeiandika kwenye injini ikatenganisha siku hizo mbili, na anayedai anayo ningependa anionyeshe.

Kiongozi wangu skrini yake nitamtengenezea. Kabla ya hapo nimemwomba vitu viwili: orodha ya vituo ambavyo havikutuma ripoti wiki iliyopita, na namba za simu za wauguzi wake. Orodha imefika jana, ina vituo kumi na kimoja. Kesho asubuhi naanza kupiga.