Marufuku ya Sigara na Uhuru wa Pombe: Dhana Potofu na Ukweli

Kila serikali inapokaza sheria za tumbaku, wavutaji huuliza swali lilelile: mbona pombe, inayovunja ndoa na kupindua magari, inaachwa? Swali lenyewe ni la haki, ila mara nyingi husimama juu ya mambo yasiyo ya kweli, na wanaolijibu nao wana dhana zao.

Dhana: Sigara imepigwa marufuku, pombe haijapigwa.

Ukweli ni kwamba katika nchi nyingi kilichokatazwa ni kuvuta mahali fulani, wala si sigara yenyewe. Ireland, nchi ya kwanza kukataza uvutaji karibu katika sehemu zote za kazi zilizo ndani ya majengo, baa zikiwemo, mwaka 2004, haikumzuia mtu kununua sigara wala kuivuta uani kwake. Pombe nayo ina mipaka yake ya umri, leseni, saa za kuuzwa na kiwango cha kilevi katika damu ya dereva. Nchi zilizothubutu kuiondoa sigara sokoni ni chache, na safari zao hazikunyooka: Bhutan ilikataza biashara ya tumbaku mwaka 2004 kisha ikairuhusu tena mwaka 2021, huku New Zealand ikitunga sheria mwaka 2022 kwamba aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2009 asiuziwe sigara maisha yake yote, na kuifuta mapema mwaka 2024 kabla kifungu hicho hakijaanza kutumika. Maldives ilianza kutekeleza sheria ya namna hiyo Novemba 2025.

Dhana: Mvutaji hujidhuru mwenyewe, mlevi hudhuru wenzake.

Nusu ya kauli hii ni kweli, na pengine ndiyo sababu haifi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba moshi wa sigara za wengine huua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka, watu ambao hawakuwasha chochote. Tofauti iliyopo ni ya njia. Moshi humfikia jirani kila sigara inapowashwa chumbani, awe mvutaji ni mpole au mkorofi, na kwa hiyo sheria inaweza kuuzuia mlangoni. Glasi ya pombe iliyo mezani haimdhuru aliyeketi kando yake. Madhara huja mnywaji anaposhika usukani, anapoinua mkono nyumbani, au mjamzito anapokunywa na kilevi kikamfikia mtoto tumboni. Sheria ya pombe hulazimika kumfuata mtu barabarani na hadi ndani ya nyumba, mahali ambapo mkono wa dola hufika kwa shida. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha tofauti ya sheria hizi mbili, ingawa fedha na mazoea ya watunga sheria wenyewe navyo vina sehemu yake.

Dhana: Pombe kidogo ni dawa.

Baadhi ya tafiti za zamani ziliwahesabu kama wasiokunywa hata watu walioacha pombe kwa sababu walikuwa wagonjwa, hivyo wanywaji wa kiasi wakaonekana wazima kuliko wao. Tangu mwaka 1988 pombe imo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani katika orodha ya IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na moshi wa tumbaku. Hata hivyo, kundi hilo hupima uhakika wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari. Kwa idadi ya vifo, tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kwa mwaka, ilhali pombe ilikadiriwa kuua milioni 2.6 mwaka 2019.

Dhana: Marekani ilithibitisha kwamba marufuku haifanyi kazi kamwe.

Kuanzia 1920 hadi 1933 Marekani ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe. Kunywa kwenyewe hakukuwa kosa katika sheria ya taifa. Vifo vya ugonjwa wa ini vilipungua. Kilichoiangusha sheria hiyo ni magenge, pombe yenye sumu na kodi iliyopotea.

Kwa anayetaka kulinganisha vitu hivi viwili, mfano bora zaidi ni Afrika Kusini, iliyosimamisha uuzaji wa vyote mwishoni mwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona. Pombe iliruhusiwa Juni, ikakatazwa tena Julai, na tumbaku haikurudi madukani hadi Agosti. Wodi za majeruhi zilipungukiwa na wagonjwa pombe ilipofungwa na kujaa tena ilipofunguliwa, wakati wavutaji wengi waliendelea kununua sigara za magendo kwa bei ya juu. Wapo waliohitimisha kwamba basi pombe ndiyo ya kukatazwa na sigara iachwe, lakini jeraha la kisu huonekana usiku uleule, na saratani ya mapafu huchukua miongo kujitokeza. Miezi mitano haikuweza kuonyesha lolote kuihusu.