Kabla hujapakwa asidi usoni, fungua mkoba wako kwanza

Wiki mbili kabla ya harusi yake, binti mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliingia chumba changu cha matibabu na mama yake mdogo, amejitanda mtandio mpaka chini ya macho. Alipoufunua, mashavu yalikuwa meusi kuliko shingo, na pembeni mwa mdomo ngozi ilikuwa inatoka vipande vipande kama ganda la kitunguu.

"Umepaka nini, mwanangu?"

"Sijapaka kitu, daktari. Singo tu."

Mama mdogo akamtazama bila kusema neno. Mkoba ukafunguliwa. Kikatoka kichupa cha kahawia chenye kidondoshi, kilichonunuliwa kwa simu na kuletwa na bodaboda, hakina asilimia, hakina tarehe wala jina la mtengenezaji. Chini yake kulikuwa na kikopo cha krimu aliyoipaka kila usiku kwa miezi minane.

Singo haikuwa na kosa. Liwa, karafuu na mawaridi husugua ngozi iliyokwisha kufa juu juu. Kilichokuwa kwenye kichupa ni asidi.

Kubambua ngozi kwa kemikali, ambako saluni nyingi hukuita pilingi, ni kupaka asidi iliyopimwa ili tabaka la juu litoke na jipya lichipue chini yake. Ni tiba ya kweli, nami huitumia kwa chunusi, kwa madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi, na kwa melasma, yale mabaka ya kahawia yanayowapata wanawake wengi wakiwa wajawazito au wanapotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Lakini haibadilishi rangi uliyozaliwa nayo. Anayekuahidi weupe kwa pilingi, mkimbie.

Ziko za kina tofauti. Nyepesi hutumia asidi ya glaikoliki, ambayo asili yake ni miwa, au laktiki, au salisiliki, na uso hupona ndani ya wiki. Ya kati hutumia asidi iitwayo TCA, kwa kawaida ya asilimia 35, na huchukua kama wiki moja hadi mbili kupona. Ya ndani kabisa hutumia fenoli, ambayo huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo mgonjwa hufungwa mashine ya kuufuatilia moyo muda wote. Kwa ngozi zetu nyeusi mimi huanzia nyepesi, glaikoliki ya asilimia 20 au 30, na mara nyingi huishia hapohapo. Chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, zikichokozwa hujibu kwa kumwaga rangi zaidi, na ndiyo maana mtu huenda kuondoa doa dogo akarudi na baka zima. Zikiungua zikafa, hubaki weupe usio na dawa rahisi. Na mwenye asili ya kuota makovu yanayovimba aseme mapema, maana jeraha likizama yanaweza kumuota usoni.

Asilimia peke yake nayo haitoshi. Vichupa viwili vya asilimia 30 vinaweza kutofautiana sana kwa ukali, kutegemea uchachu wa dawa yenyewe. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasinunue asidi hizi na kujipaka nyumbani bila mtaalamu, kwa kuwa zinaunguza.

Sasa nirudi kwenye kikopo cha krimu, kwa sababu hapo ndipo naumia zaidi. Asidi huingia kadiri ngozi inavyoiruhusu. Krimu nyingi za mkorogo zina steroidi kali kama klobetazoli au betamethazoni, haidrokwinoni inayofifisha rangi ya ngozi, na nyingine zebaki. Nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye viambata hivi, lakini bado vinauzwa. Steroidi hukondesha ngozi taratibu, mwenyewe ukiona imelainika na kung'aa. Siku asidi inapokuja, inazama kusikotarajiwa: dakika mbili ambazo shoga yako alizistahimili bila shida, wewe zinakuunguza. Haidrokwinoni ikipakwa kwa miaka inaweza kuleta okronosisi, weusi wenye ubuluu ulioingia ndani, na pilingi haiutoi.

Kwa hiyo njoo na kila unachopaka, hata kile unachoona haya kukitaja. Hakuna atakayekufokea. Ninachotaka ni kujua asidi itakutana na nini.

Sema pia kama una mimba au unanyonyesha, kama aspirini inakudhuru (salisiliki ni ndugu yake), na kama huwa unatoka malengelenge ya homa mdomoni, maana hayo huweza kusambaa uso mzima na tunayatangulizia dawa. Anayetumia tretinoini, dawa ya chunusi ya kupaka, huisimamisha kwa siku kadhaa, na aliyemeza isotretinoini, dawa ya chunusi ya kumeza, miezi ya karibuni lazima atueleze. Kunyoa uso au kutoa nyusi kwa uzi, acha wiki moja kabla.

Chumbani kwenyewe utaona hivi. Uso unaoshwa na kufutwa mafuta. Vaselini inapakwa pembe za macho, za pua na za midomo, mahali asidi hupenda kutuama. Dawa inapitishwa kwa brashi au shashi, saa inahesabu, nami sitoki kando yako. Itachoma kama pilipili iliyogusa mchubuko. Glaikoliki ina lazima ya kuzimwa kwa maji yenye bikaboneti au kuoshwa kabisa. Ukiona mtu amekupaka kisha akatoka nje kupokea simu, nyanyuka ukanawe.

Baada ya hapo adui ni jua. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na ukipita kwa baiskeli kutoka Makorora hadi Raskazone saa sita mchana, uso mpya hauna kinga. Krimu ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi, kofia pana, na usibandue ngozi inayojitoa. Kama kuna harusi, napenda tuanze miezi mitatu au minne kabla, na pilingi ya mwisho isiwe chini ya mwezi mmoja kabla ya siku yenyewe.

Uso ukiungua, mwagia maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, ndimu wala asali. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, na kichupa mkononi.

Yule binti hatukumfanyia pilingi. Tulimpunguzia krimu polepole, kwa sababu steroidi ukiikata ghafla uso hulipuka vipele. Aliolewa tarehe ileile, na kungwi wake akakubali singo iishie shingoni. Alirudi baada ya miezi saba, mashavu yamekaribia rangi ya shingo, doa moja limebaki chini ya jicho la kushoto, akauliza kama sasa anaweza kujaribu. Tukaanza na tone moja la glaikoliki nyuma ya sikio, nikamwambia arudi wiki ijayo tulitazame.