Boma la Kale si la Mjerumani

Pale Sokoine Drive, Dar es Salaam, unapotazamana na boti za Zanzibar, muulize yeyote lile jengo kongwe, Boma la Kale, ni la nani. "La Mjerumani hilo." Hata makondakta wanasema hivyo.

Si lake. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyelijenga, 1866 hadi 1867, alipokuwa anauanzisha mji wake mpya kando ya Mzizima, kijiji cha wavuvi. Lilikuwa la kuwalaza wageni wake. Majid akafariki 1870, mji ukadorora. Mjerumani kaja 1887, kalikuta limesimama. Nadhani linalowachanganya watu ni Kanisa la Mtakatifu Yosefu hapo jirani, ambalo kweli ni la enzi zake.

Dhana ya pili inaudhi zaidi, maana inabomoa: eti ukuta wa zamani ukichubuka, upige saruji, utadumu. Kuta za Boma ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji ya mvua, jua likiwaka huyatoa. Saruji inaziba njia. Unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi ya bahari, chumvi inaganda na kusukuma plasta, mwishowe inabambuka na vipande vya jiwe. Nyumba ya bibi yangu Kilwa Kivinje ilipigwa saruji na fundi mwenye nia njema kabisa. Baada ya masika mawili ukuta wa uani ulikuwa unamwagika unga ukiugusa kwa kidole. Dawa ni chokaa kwa chokaa, basi.

Wapo wanaodhani Boma ni gofu lililofungwa. Ndani kuna DARCH, kituo cha urithi wa usanifu majengo, chenye maonyesho ya jinsi jiji hili lilivyojengwa. Ingia.

Na ukiingia utasikia mtu akisema, "Vyumba vyembamba hivi, watu wa zamani walikuwa wafupi nini?" Wafupi wapi! Sakafu ya juu imebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita tatu. Mti ndio uliopima chumba. Ukitaka nafasi, unakiongeza kwa urefu, si kwa upana, ndiyo maana vingine vinafanana na ushoroba. Inua macho darini uone zilivyopangwa, moja baada ya nyingine, bado na mafundo yake.