Je, wajua kwa nini soda na limau vinatia meno ganzi?

Ile hali ya kung'ata limau au kupiga fundo la soda ya baridi halafu jino likakushtua mpaka ukafumba jicho moja, wengi tunaiita ganzi, japo ukifikiria vizuri ni jina la ajabu kidogo, maana ganzi ya kweli ni kutosikia kitu na hapa jino linasikia kupita kiasi. Sasa linasikiaje wakati kwa nje ni gumu kama jiwe?

Tuanze na hilo jiwe. Tabaka la juu la jino linaitwa enameli, ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa haufui dafu. Karibu asilimia 96 yake ni madini, kalsiamu na fosfeti. Shida ni kwamba haina chembe hai ndani yake, yaani mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichubuka inarudi, ila enameli ikiliwa ndo imeenda hivyo. Na kinachoila ni asidi.

Ukali wa asidi unapimwa kwa pH, maji safi ni 7 na namba ikishuka asidi inazidi. Enameli inaanza kuyeyuka pH ikiwa chini ya 5.5 hivi. Juisi ya machungwa ipo kwenye 3.5 hadi 4, soda ya kola kama 2.5, limau 2 na kitu. Usione ni tofauti ndogo, kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5.5 mpaka 2.5 asidi imeongezeka mara 1,000.

Hapa ndo tunapigwa chenga na hii habari ya sukari. Mtu anahamia soda isiyo na sukari anajua meno yake yamepona, wakati asidi ya fosforiki na ya sitriki zimo vilevile. Sukari ina kesi yake, bakteria wanaila wanatoa asidi jino linatoboka, lakini huku kuyeyuka kwa enameli hakuhitaji bakteria wala sukari, kinywaji chenyewe kinatosha.

Chini ya enameli kuna dentini, ya njanonjano (ndo maana meno yaliyolika yanaonekana ya njano hata uyasugue vipi). Dentini imejaa vijitundu vyembamba mno, makumi ya maelfu kwenye milimita moja ya mraba, vinaelekea kwenye neva katikati ya jino na ndani yake kuna majimaji. Enameli ikiwa imekonda, au fizi ikishuka shina la jino likabaki wazi, milango ya hivyo vijitundu inafunguka. Sasa kunywa kitu cha baridi, yale majimaji yanasogea ghafla, neva inavutwa, unaruka. Maelezo haya ndo yanayokubalika zaidi mpaka leo, na Mswidi Martin Brännström aliyafanyia majaribio kwenye miaka ya 1960.

Ila mwili haujakuacha hivihivi, mate yanazimua asidi na yanarudisha kalsiamu na fosfeti kwenye sehemu iliyolainika, yakipewa muda. Na hilo neno muda ndo kila kitu. Mimi nilikuwa na tabia ya kuweka chupa moja ya soda mezani naivuta kidogokidogo kuanzia asubuhi mpaka jioni, najisifu kabisa kwamba nakunywa chupa moja tu kwa siku, kumbe kila fundo linaanzisha upya shambulio kabla mate hayajamaliza kazi ya fundo lililopita. Aliyeimaliza hiyo chupa kwa dakika kumi wakati wa kula alikuwa na nafuu kuliko mimi. Usiku ndo mbaya zaidi maana ukilala mate yanapungua sana, kwa hiyo soda ya mwisho kitandani sikushauri.

Na usikimbilie mswaki! Pitisha ulimi kwenye meno baada ya kunyonya limau, utasikia yanakwaruza, huo ni uso uliolainika, ukiusugua saa hiyohiyo unaukwangua na kuutema kwenye sinki. Sukutua na maji, subiri nusu saa hadi saa nzima, ndo upige mswaki laini kwa dawa yenye floridi. Zile dawa za meno ya ganzi nyingi zina nitrati ya potasiamu inayotuliza neva, nyingine zinaziba vijitundu, zote zinataka wiki kadhaa kwa hiyo usizitupe siku ya tatu. Mrija nao unasaidia kiasi, kama unaupitisha nyuma ya meno ya mbele.

Halafu kuna watu hawagusi soda wala limau na meno yao ya mbele ya juu yamelika kwa upande wa ndani. Hapo daktari wa meno atakuuliza habari za tumbo, kama una kiungulia au unatapika mara kwa mara, kwa sababu asidi ya tumboni pH yake ni 1 hadi 2, na hiyo hata kola inaipisha.