Dinosaria wa Miiba: Tuliyoyakosea Jioni Moja Plotini Kisumu

Jumapili soko la Kibuye humwagika mpaka barabarani, na ukipita upande wa mitumba ni vigumu kutoka mikono mitupu. Mimi nilitoka na dinosaria wa plastiki wa shilingi 50. Kijani kilichopauka, mabamba mgongoni, miiba minne mkiani, na chini ya tumbo pamechapishwa Stegosaurus. Nilimletea mpwa wangu, mtoto wa miaka 9 mwenye maswali kama ya wakili. Jioni ile kila aliyepita plotini alikuwa na neno kuhusu mnyama huyo, na mengi hayakuwa kweli. Nami nilichangia kosa langu, nitalikiri mbele.

"Huyo ni mnyama wa ng'ambo"

Alisema hivyo jirani yetu anayekaanga omena langoni, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga kesi. Nusu ana haki. Stegosaurus ni wa Marekani kweli: mtaalamu wa mifupa ya kale, Othniel Charles Marsh, alimpa jina mwaka 1877 kutokana na mifupa ya Colorado. Lakini ana binamu, na binamu huyo ni wa hapa Afrika Mashariki. Anaitwa Kentrosaurus. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kilima kilicho bara ya Lindi, kusini mwa Tanzania. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, enzi moja na yule wa Colorado.

Stegosaurus mzima alifika mita 7 au hata zaidi. Kentrosaurus alikuwa na mita 4 na nusu tu, mfupi kuliko Nissan ya abiria 14, na nusu nzima ya urefu huo ilikuwa mkia. Kwa mbele unaona mabamba madogo shingoni na mabegani. Ukifika katikati ya mgongo mabamba yanaanza kukonda, yanachongoka, na kuanzia hapo ni miiba, jozi kwa jozi, mpaka ncha ya mkia. Kwa mbele ni Stegosaurus mdogo, kwa nyuma ni nungunungu.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliiona mifupa ya Tendaguru ikiwa imejitokeza juu ya ardhi. Kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likaendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na huyu Hennig ndiye aliyempa Kentrosaurus jina, mwaka 1915. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa miaka miwili tu kabla ya jembe la kwanza kugusa kilima kile. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, ikabebwa kichwani na begani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na kutoka hapo ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 zilitembea hivyo, kwa miguu ya watu.

Ndiyo maana ile kauli ya kwamba "Wazungu walichimba" huniwasha. Waliosimamia walikuwa Wajerumani, lakini waliochimba, waliofunga na waliobeba walikuwa mamia ya watu wa kusini ile. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho la mifupa kiasi kwamba mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina lake: Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kuwakumbuka Wamwera, watu wa eneo hilo. Imechukua karibu karne nzima, lakini majina hayo yameingia vitabuni na hayatoki.

Wengi wa hao Kentrosaurus waliosafirishwa hawakunusurika. Sehemu kubwa ya mifupa yao ilipotea katika Vita Vikuu vya Pili. Na yule anayesimama Berlin leo, msimwone mzima mkadhani ni mnyama mmoja. Ameunganishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa, kama baiskeli ya jua kali yenye fremu ya huku na magurudumu ya kule.

"Basi tukichimba Nyanza tutampata"

Hapa ndipo lilipo kosa langu. Nilimwambia mtoto kwamba huenda amelala mmoja chini ya Kit Mikayi. Sijui nilitoa wapi. Lile jabali la Seme ni matale, mawe yaliyopoa kutoka uji wa moto chini kabisa ya ardhi, na umri wake unazidi miaka bilioni 2. Wakati huo duniani hapakuwa na kiumbe hata mmoja mwenye mfupa. Kutafuta dinosaria ndani ya Kit Mikayi ni kutafuta samaki ndani ya jiko.

Lakini visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka mawe, si vimejaa kwetu? Vimejaa, ila ni vya zama nyingine. Vile vya Rusinga vina miaka milioni 18 hivi, na vya Songhor na Koru vimezidi hapo kidogo tu. Vilifunikwa na majivu ya volkano kama Kisingiri, ambayo mabaki yake unayaona ukivuka kutoka Mbita. Dinosaria wakubwa walikuwa wametoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo tuna kurasa za mwanzo kabisa za kitabu, tuna kurasa za karibu na mwisho, na sura yote ya dinosaria imeng'oka. Mtu wa Kenya anayetaka mifupa yao aelekee kaskazini mwa Turkana, ambako yapo mawe ya rika linalofaa na mifupa imepatikana.

Tusijione maskini lakini. Mary Leakey aliokota Rusinga, mwaka 1948, fuvu la nyani wa kale lililotangazwa dunia nzima. Na pale Meswa Bridge, upande wa Muhoroni, lilipatikana taya la mla nyama wa miaka milioni 22 hivi ambalo lilikaa ndani ya saraka ya makumbusho Nairobi kwa miongo kadhaa, mpaka 2019 wataalamu wakalipa jina la Kiswahili safi: Simbakubwa kutokaafrika. Naye jina linamsingizia, maana hakuwa simba wala hana undugu wa karibu na paka.

Kuna uzi mmoja unaoshona Tendaguru na Rusinga. Mwaka 1924 Waingereza walipoanza uchimbaji wao Tendaguru, kiongozi William Cutler alipewa msaidizi kijana wa miaka 20 na ushei, mzaliwa wa Kabete aliyekijua Kiswahili. Kijana huyo alikuwa Louis Leakey. Cutler alikufa kwa malaria mwaka uliofuata. Leakey alirudi masomoni, na baadaye ndiye aliyeipa Rusinga jina duniani pamoja na mkewe Mary. Kazi ya kuchimba mifupa mikubwa alijifunzia kwenye kilima cha Kentrosaurus.

"Amejificha ziwani"

Kijana wa boda boda alilisema hili akicheka, lakini nusu yake aliamini. Ziwa Victoria lenyewe halijafikisha miaka milioni moja, na miaka elfu kumi na kitu iliyopita lilikauka. Aliyejificha angekauka nalo.

"Mwenye miiba lazima ale nyama"

Fahali ana pembe na hajawahi kula mbuzi. Kentrosaurus alikuwa na mdomo mgumu wa kukatia na vijino vidogo kama vijani, meno ya kula mboga. Usimchore kwenye nyasi tu, maana nyasi hazikuwa zimezaliwa. Alikula mimea ya chini chini isiyotoa maua.

"Hiyo miiba alimchoma nayo Tyrannosaurus"

Hawakukutana. Kutoka Stegosaurus hadi Tyrannosaurus ilipita miaka milioni 80 hivi, na kutoka Tyrannosaurus hadi sisi na omena wetu ni 66. Kwa hiyo yule jitu mwenye meno yuko karibu zaidi na soko la Kibuye kuliko na mnyama wa mabamba. Adui wa kweli kule Marekani alikuwa Allosaurus, dinosaria mla nyama, na ushahidi upo: pingili ya mkia wa Allosaurus yenye tundu linalolingana na mwiba wa Stegosaurus.

Kuhusu Kentrosaurus, mtaalamu wa dinosaria Heinrich Mallison aliujenga mkia wake kwa kompyuta, akachapisha matokeo mwaka 2011. Mkia ule wenye pingili kama 40 uliweza kuzungushwa nusu duara nzima, na miiba ya ncha yake ingeweza kuvunja mfupa. Mkia wenyewe ulibebwa hewani. Wachoraji wa zamani waliouburuza chini kama kamba ya ng'ombe walikosea.

"Alikuwa na ubongo mbili, mmoja kiunoni"

Mwalimu mmoja jirani alikuja na hili, na sikumshangaa, nami nilifundishwa hivyo. Marsh aliona uwazi mkubwa kwenye uti wa mgongo karibu na nyonga, mkubwa kuliko nafasi ya ubongo kichwani, na watu wakakimbilia kusema kwamba mnyama mwenye kichwa kidogo namna ile lazima alikuwa na msaidizi nyuma. Ndege wa leo wana uwazi kama huo, nao umejaa tishu yenye akiba ya sukari, hauna ubongo ndani. Yaelekea hata kwa hawa ilikuwa hivyo. Ubongo wao ulikuwa mmoja, tena wa gramu chini ya 100, nao waliishi nao vizuri mamilioni ya miaka.

Huyo Marsh alikosea na mabamba pia. Mwanzoni alidhani yalilala bapa mgongoni kama vigae vya nyumba, ndiyo sababu jina Stegosaurus lina maana ya mjusi wa paa. Paa halikuwepo. Mabamba yalisimama wima, yalikaa ndani ya ngozi bila kushikana na mifupa ya mgongo, na ndani yalikuwa na njia nyingi za damu. Ngao yenye damu ndani ni ngao mbovu. Huenda yalipoza mwili, huenda yalikuwa ya kujionyesha kwa wenzake, na mimi naegemea kujionyesha, kwa kuwa nimefuga jogoo.

Na jogoo ni jambo lingine. Mama mwenye nyumba aliuliza kama huyu ndiye babu wa mamba. Hapana, ila jogoo wangu ana undugu naye wa karibu kuliko mamba. Ndege wametokana na dinosaria, lakini kwa upande wa kina Allosaurus, wale wala nyama. Kichekesho ni kwamba kundi la Kentrosaurus ndilo linaloitwa la "nyonga ya ndege", kwa sababu ya umbo la mfupa tu.

Mtoto alisikiliza yote hayo, kisha akauliza kwa nini basi huyu wake ni wa Marekani. Tukaomba msumari wa moto kwenye jiko la omena, tukatoboa plastiki kuanzia katikati ya mgongo mpaka mkiani, na kila tundu akachomeka kijiti cha kuchokolea meno. Mabamba ya nyuma tuliyakata kwa kisu. Vikabaki vijiti viwili, vya jozi ya miiba mirefu ambayo Kentrosaurus alikuwa nayo ubavuni. Hennig aliiweka nyongani. Baadaye China walipatikana ndugu wa mnyama huyu wakiwa na mwiba wao bado mahali pake, begani, na wataalamu wengi wakaihamisha. Mpwa wangu alifikiri kidogo, akamgeuza, akaanza kutoboa bega la kushoto.