MONUSCO kuongezewa muda: tarehe ndiyo sehemu rahisi

Kila Desemba simu yangu hujaa swali moja: "Wameongezewa tena?" Wanaouliza ni jamaa wa Goma na Beni, mashariki mwa Kongo (DRC), na Watanzania wenye ndugu katika MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani huko.

MONUSCO ilirithi kazi ya kikosi kilichoitangulia, MONUC, mwaka 2010, na haina ruhusa ya kudumu. Baraza la Usalama huipa muda kwa azimio, kwa kawaida mwaka mmoja, na siku hizi hukoma tarehe 20 Desemba. Rasimu huandikwa na Ufaransa. Kura 9 kati ya 15 zinatosha, mradi asipinge mwenye kura ya turufu.

Mimi tarehe huisoma mwisho. Naanza na aya za "inaamua" na "inaidhinisha", maana ndimo kazi inamobadilishwa kimyakimya. Azimio 2098 la Machi 2013 liliongeza muda kama mengine, lakini ndani yake ilizaliwa Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na ruhusa ya kuwafuata waasi waliko. Kufikia Novemba, kundi la waasi la M23 lilikuwa limesalimu amri.

Azimio 2717 la Desemba 2023 nalo liliongeza mwaka, ila lilibeba safari ya kuondoka. Kinshasa ndiyo iliyotaka, na wananchi walikwisha kuingia barabarani mwaka 2022 kuwakataa walinda amani. Katika jimbo la Kivu Kusini, shughuli za MONUSCO zikafungwa Juni 2024. Februari 2025, M23 iliyokwisha kufufuka ikaingia Bukavu, mji mkuu wa jimbo hilo. Sisemi walinda amani wangekuwepo mji ungepona. Goma walikuwepo, na Goma ilianguka Januari.

Kisha kuna fedha, na hapo wengi hupotea. Azimio 2765 la Desemba 2024 linataja wanajeshi 11,500, lakini hicho ni kikomo tu. Bajeti hupitishwa na Baraza Kuu, chombo kingine kabisa, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, na nchi wanachama hulipa zinapojisikia. Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kupunguza takriban robo ya walinda amani katika misheni 9 kwa sababu ya ukata. Hakuna kura ya Baraza la Usalama iliyopigwa kwa hilo.

Basi jamaa wa Beni akiniuliza kama wameongezewa, nami humuuliza: doria za usiku bado zinapita kwenu?